Diski Mpya, Windows Ile Ile

Msimu wa korosho haumsubiri mtu. Minada huanza Oktoba, na tangu 2024 bei hushindaniwa kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mkulima aliyefikisha magunia ghalani anataka kujua kauza kwa shilingi ngapi, kakatwa nini, na hela inaingia benki lini. Kwa upande wa chama cha msingi, majibu hayo mara nyingi yamo ndani ya kompyuta moja ya mezani. Sasa tuseme kompyuta hiyo imefikishwa kwa fundi mmoja wa Chuno, hapa Mtwara mjini, wiki mbili kabla ya mnada wa kwanza. Mstari wa nafasi ya C: ni mwekundu mwanzo mwisho. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kununua vitumbua, ukarudi, ukakuta bado inazungusha viduara.

Katibu wa chama, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, anataka diski kubwa zaidi. Fundi, kijana, anasema atakloni: atanakili kila kilichomo kwenye diski ya zamani, Windows na vyote, akiweke kwenye mpya, na mashine iwake kama jana. Mwalimu wa kompyuta wa sekondari, aliyefuata printa yake, anasema huko ni kupoteza hela, ipigwe Windows upya. Na kwenye benchi kuna mzee, mhasibu mstaafu wa ushirika, aliyekuja kuchapisha barua na hana haraka.

Watu hawa wanne nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Zinasikika penye meza yoyote ya fundi kompyuta, kuanzia huku kusini mpaka Kariakoo. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

FUNDI: Mama, tatizo lako si moja. Diski hii ni ya GB 320. Aliyeigawa aliipa C: GB 80 tu, zilizobaki akaziweka D:. Windows, programu ya mahesabu, mafaili ya kwenye desktopu, vyote vimebanana C:. Huko D: kuna nyimbo.

KATIBU: Nyimbo za nani?

FUNDI: Za karani aliyepita, nadhani. Dansi na taarabu, GB na GB.

MWALIMU: Basi umeshajijibu mwenyewe. Diski mpya ya nini? Futa nyimbo, punguza D:, panua C:. Mchana mama anaondoka na mashine yake, na hela ya diski imebaki mkobani.

FUNDI: Ningefanya hivyo, mwalimu, kama diski ingekuwa nzima. Nimesoma taarifa zake za SMART, zile diski inazojiandikia kuhusu afya yake. Kuna sekta ambazo imeshazikimbia na kuandika kwingine, na kuna nyingine zinasubiri, yaani imejaribu kuzisoma ikashindwa. Sasa wewe unaniambia nichukue diski inayokufa nianze kuvutana na patisheni zake. Kupanua namna hiyo ni kuhamisha data ndani ya diski ile ile. Umeme ukikatika katikati, C: huna na D: huna. Nikikloni, upande wa zamani nasoma tu, siandiki kitu. Umeme ukikatika, ya zamani iko kama ilivyokuwa.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kukloni, na mafundi wengi hawaisemi. Husema "ni haraka", jambo ambalo si kweli daima. Kwa kebo ya USB 2.0, ambayo kwa kawaida haivuki sana MB 30 kwa sekunde, diski ya GB 320 ikinakiliwa yote inakula kama saa tatu. Sifa ya kukloni ni kwamba kosa likitokea, limetokea kwenye nakala.

MWALIMU: Sawa, diski inakufa, inunuliwe mpya. Hapo tumekubaliana. Nisichokubali ni kuhamisha uchafu. Hiyo Windows ilipigwa miaka gani? Kwa flashi ya nani? Nakuwekea dau ni ya wizi, imewashwa kwa kiprogramu cha kuvunja leseni, na kiprogramu chenyewe ndicho kirusi. Antivairasi muda umekwisha. Kila flashi ya kila mjumbe wa bodi imechomekwa humo. Ukikloni, vyote vinahamia, tena kwenye diski yenye kasi.

FUNDI: Dau umeliwa. Tazama ubavuni mwa kasha: stika ya Windows 7 Professional. Mashine ya ofisi ya Ulaya hii, imekuja mtumba. Mtu aliipandisha kutoka 7 kwenda 10 zama Microsoft ilipokuwa inaruhusu, na leseni ikafungwa na ubao mama. Diski ukibadilisha, Windows haina habari.

MWALIMU: Leseni nakuachia. Virusi je?

FUNDI: Virusi sikatai.

MZEE: Vijana, mniruhusu. Sisi tulikuwa tunaandika stakabadhi kwa kaboni. Ukikosea karatasi ya juu, kosa linashuka mpaka nakala ya tatu. Na mkaguzi akija, nakala yenye kosa lile lile haikuwa inamsumbua. Iliyokuwa inamsumbua ni nakala safi kuliko ya juu yake.

MWALIMU: Shikamoo mzee. Lakini hiyo ni karatasi, haina virusi.

MZEE: Marahaba. Haina, kweli.

KATIBU: Mwalimu, mimi niulize kitu kimoja tu. Ukipiga upya, ile programu ya mahesabu utaitoa wapi?

MWALIMU: Si mna CD yake?

KATIBU: Hatuna.

MWALIMU: Namba ya leseni?

KATIBU: Aliiweka kijana mmoja, akaingiza majina ya wanachama, akatufundisha kubonyeza, akaenda zake. Simu yake haipatikani siku hizi. Tunajua kubonyeza.

Hapa ndipo mjadala ulipotoka kwenye kompyuta ukaingia kwenye chama. Kinachotofautisha kukloni na kupiga upya ni aina ya ujuzi ambao kila njia inaudai kwa mwenye mashine. Ukipiga upya lazima ujue ulikuwa na nini: programu zipi, draiva zipi za printa, hifadhidata iko folda gani, nenosiri ni lipi. Ukikloni huhitaji kujua chochote. Ndiyo maana mwalimu, ambaye maabara yake ina orodha ya kila kilichomo ndani ya kila mashine, anaona kupiga upya ni jambo la mchana mmoja. Na ndiyo maana katibu, asiye na orodha, anatishika. Diski ile ndiyo kumbukumbu pekee ya namna chama kinavyofanya kazi. Vyama vingi viko hivyo, na si vya Mtwara peke yake.

MWALIMU: Mama katibu, hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Leo unakloni kwa sababu hujui kilichomo. Baada ya miaka mitatu diski mpya itachoka, na utakuwa bado hujui. Halafu kuna jambo la Windows 10 yenyewe. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

KATIBU: Oktoba tena?

MWALIMU: Oktoba, msimu wenyewe. Na mashine hii haiwezi kupanda kwenda 11. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel inaanzia prosesa za kizazi cha nane. Hii ni ya zamani mno. Kwa hiyo unanunua diski mpya kuhifadhi mfumo ambao mtengenezaji ameshaukataa.

FUNDI: Na wewe ukipiga upya utapiga ipi? Si 10 hiyo hiyo?

MWALIMU: Ningependekeza Linux.

FUNDI: Na programu ya mahesabu?

Mwalimu alikaa kimya kidogo. Nimempa ukimya huo kwa haki. Hoja yake kuhusu Windows 10 ni ya kweli na fundi hakuijibu, aliikwepa. Mashine isiyopata viraka vya usalama na iliyounganishwa na intaneti ni mlango usiofungwa vizuri, iwe imekloniwa au imepigwa upya. Ila mwalimu naye alikuwa analinganisha mashine iliyopo na mashine anayoitamani.

FUNDI: Hizo nyimbo zenyewe mlizotaka nizifute, ngoja nizifungue. Dansi... taarabu... mapya... Mama, hili folda la "MALIPO 2018" ni lenu?

KATIBU: Liko wapi?

FUNDI: Ndani ya nyimbo. Karani kalificha, au kaliburuta kwa bahati mbaya.

MZEE: Usiliguse hilo!

Kwa msomaji aliye mbali na kusini: Novemba 2018 Serikali iliingilia biashara ya korosho, ikatangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima walihakikiwa kabla ya kulipwa, na malipo yakachukua muda mrefu. Nani alipeleka kilo ngapi, nani alihakikiwa, nani alilipwa nusu: kwa msimu ule orodha kama hizo zilikuwa na uzito kuliko kawaida.

MZEE: Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho, 2007, mimi nimeona ugomvi mwingi, na karibu wote uliisha siku karatasi ilipopatikana. Mwalimu, wewe hapa umesema futa nyimbo. Umesema kwa nia njema.

MWALIMU: Ningeangalia kwanza, mzee.

MZEE: Ungeangalia folda ngapi?

MWALIMU: Lakini na mimi niwaambie. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023. Majina ya watu, simu zao, akaunti zao za benki, huwezi kuvihifadhi milele kwa sababu tu diski ina nafasi. Unatakiwa uwe na sababu. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Hizo za 2018 zimeshavuka.

MZEE: Miaka mitano ni muda ambao huruhusiwi kutupa. Haijasema siku ya kwanza ya mwaka wa sita utupe.

MWALIMU: Haijasema hivyo, lakini mtu aamue. Anayekloni haamui. Anabeba.

Nafikiri hapa wote wawili wako sawa, na nitasema ninavyoona. Kuamua kitu cha kutupa wiki mbili kabla ya mnada, juu ya meza ya fundi, kwa diski yenye sekta mbovu, ni kuamua vibaya. Kloni kwanza. Mabishano ya mwalimu yana mahali pake, nayo ni Februari au Machi, nakala ikiwa mkononi na foleni ya wakulima ikiwa imekwisha. Hapo ndipo inapowezekana hata kujaribu kupiga upya na kushindwa bila kumuumiza mtu.

Tulirudi kwenye kazi, na kazi yenyewe ina mitego yake.

KATIBU: Haya, kloni. Nataka diski ya TB 1. Kesho nisione wekundu.

FUNDI: Mama, hapo nikueleze kabla hujanigombeza. Nikikloni kama ilivyo, kesho utauona wekundu ule ule.

KATIBU: Nimenunua diski mara tatu ya ile, halafu C: bado imejaa?

FUNDI: Kloni inanakili na ramani. C: ya GB 80 itakuwa GB 80. Kule mwisho itabaki nafasi tupu kubwa sana, lakini Windows kwa chombo chake cha ndani inapanua C: kwenye nafasi inayoifuata ubavuni tu. Na ubavuni mwa C: kuna kapatisheni kadogo ka kurekebishia mfumo, halafu D:. Wanaokloni wakaishia hapo ndio wanaorudishiwa mashine kesho yake. Baada ya kloni nawasha kwa flashi yenye GParted, programu ya kugawia diski, nasogeza D: kulia, nasogeza kale kadogo, ndipo C: inapata pa kukua.

MWALIMU: Na umeme ukikatika wakati unasogeza?

FUNDI: Nimeharibu nakala. Ya zamani ipo, nakloni tena. Ndiyo maana sikutaka kusogeza kwenye ya zamani.

MWALIMU: Utatumia nini? Clonezilla?

FUNDI: Diski nzima ningetumia Clonezilla. Ni ya bure, na inanakili sehemu zenye data tu, kwa hiyo haichelewi. Ila ikigonga sekta mbovu inasimama, mpaka uiambie ivumilie. Kwa diski kama hii natumia ddrescue ya GNU. Inanyakua kwanza sehemu zinazosomeka, zile sugu inaziacha mwisho, na kila hatua inaiandika kwenye faili la ramani. Ramani naiweka kwenye flashi. Umeme ukikatika na kurudi, inaendelea pale ilipoishia.

MWALIMU: Hiyo nimeipenda.

FUNDI: Na ukaguzi wa mafaili, ule wa chkdsk, naufanya kwenye nakala. Ya zamani ukiikagua kwa nguvu unaimalizia. Halafu kabla ya yote mama alizima mashine vizuri? Windows 10 ina tabia ya kuzima nusu, ili kesho iwake haraka. Ikizimwa hivyo, Clonezilla inaikataa C:, na ina haki.

Nilipendezwa zaidi na jambo ambalo fundi alilifanya bila kulitangaza. Alichukua maka peni akaandika ZAMANI kwenye diski moja na MPYA kwenye nyingine, kisha chini ya kila neno akanukuu tarakimu za mwisho za namba yake. Ajali mbaya kuliko zote kwenye kazi hii haina uhusiano na virusi wala umeme: ni kugeuza mwelekeo. Programu inaona diski mbili, wewe unachagua kinyume, na baada ya saa tatu una diski mbili tupu zinazofanana. Namba za kiwandani ndizo zinazookoa, kwa sababu kwenye kioo majina ya diski yanaweza kubadilika kila unapowasha.

MWALIMU: Ukimaliza usiwashe na zote mbili ndani.

FUNDI: Najua. Zina sahihi moja, Windows itaizima mojawapo. Ya zamani natoa kebo kwanza.

KATIBU: Na hiyo TB 1 ni TB 1 kweli? Mwaka jana tuliuziwa flashi ya TB 2, picha za mkutano mkuu zikaingia zote, kuzifungua hazifunguki.

FUNDI: Hiyo ilikuwa feki, mama. Kijiflashi cha GB chache kimefundishwa kusema uongo. Kinapokea kila unachokipa, kikijaa kinaandika juu ya vya zamani. Dawa yake ni kukijaza chote na kukisoma tena. Zipo programu za bure, H2testw na f3. Diski hii nitaipima mbele yako. Windows itakuonyesha 931, usishtuke. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

MWALIMU: Mimi ningemshauri achukue SSD ya GB 480 badala ya hiyo TB 1. Hana haja ya ukubwa. Uzito wa kuwaka ule unatokana na sindano inayokwenda huku na huku kutafuta mafaili.

FUNDI: Hapo tuko pamoja.

KATIBU: Kwa hiyo kubwa siyo bora?

FUNDI: GB 480 bado ni kubwa kuliko 320, na itawaka kabla hujavuta kiti. Ila SSD ikifa mara nyingi haitoi dalili. Hii ya zamani angalau ilikoroma. Kwa hiyo na bakapu juu.

KATIBU: Si nitakuwa na kloni?

MWALIMU: Kloni si bakapu, mama. Kloni ni picha ya leo. Wiki ijayo mmeingiza magunia elfu, hayamo kwenye diski ya zamani. Bakapu ni ile inayofanyika kila jioni ya mnada, hifadhidata peke yake, kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine.

Juu ya hilo hakuna aliyebisha, hata mzee. Nami sina la kuongeza.

Kilichobaki ni bei, na ndani ya bei kulikuwa na jambo ambalo wanne hao hawakuligusa mchana wote.

FUNDI: Basi mama, diski na kazi nitakufanyia nafuu. Ya zamani nabaki nayo, nakupunguzia.

KATIBU: Unabaki nayo ya nini? Si umesema inakufa?

FUNDI: Natoa sumaku, natoa ubao, vinasaidia kutengenezea nyingine. Ndivyo tunavyofanya wote.

MZEE: Na majina ya wakulima yaliyomo?

FUNDI: Nitaifomati.

MWALIMU: Fomati ya haraka haifuti kitu, inafuta fahirisi tu. Wewe mwenyewe wiki iliyopita umemrudishia mtu picha za harusi kutoka kwenye diski iliyofomatiwa.

FUNDI: Kweli.

MWALIMU: Mmeona sasa? Asubuhi orodha ya wanachama ilikuwa moja. Jioni zitakuwa mbili, na ya pili iko kwenye boksi la vipuri Chuno.

KATIBU: Diski ya zamani inarudi na mimi. Inakaa kwenye sefu ya chama mpaka msimu uishe, kisha bodi itaamua, na ikiamua kuiharibu itatobolewa mbele ya watu.

FUNDI: Mama, basi ile nafuu...

KATIBU: Andika kwanza namba za diski zote mbili kwenye risiti. Bei tutaongea.